Neno Lililokula Vidole Vyangu

Mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu. Watoto wa hapa Kibokoni wanaponiamkia huushika mkono huo kwa makusudi, wakaugeuzageuza, kisha wakaniuliza vile viwili vimekwenda wapi. Huwaambia vililiwa. Wakiuliza vililiwa na papa au na mashine, huwajibu vililiwa na neno la Kiingereza, neno moja tu, tena fupi. Hapo hucheka wakakimbia. Wanadhani nawatania, na kweli mara nyingi huwatania, lakini kwa hilo sisemi uongo.

Mwezi uliopita Rukia, binti wa ndugu yangu, alipata kazi Shimanzi kwenye yadi ya makontena. Alikuja na simu kunionyesha picha yake: kofia ngumu kichwani, koti la kung'aa, na redio ya mkononi ameishika karibu na mdomo kama mtangazaji wa habari. Kazi yake ni kusimama chini na kumwelekeza mwendesha kreni, ainue, ashushe au angoje. Nilifurahi sana, maana zamani kazi hiyo msichana asingeikaribia. Kisha akaiharibu furaha yangu kwa sentensi moja.

"Ami, kazi yenyewe nyepesi," akasema. "Maneno yote hayapiti kumi, na yote ya Kiingereza."

"Hayo maneno yako kumi, mwanangu, ni thelathini," nikamwambia. "Kila moja lina kazi zake, wala halikwambii leo limekuja kwa kazi gani. Kaa kitako."

Alikaa, nikamweleza, na baadaye nikaona afadhali niyaandike haya, kwa sababu Rukia hayuko peke yake. Nyinyi vijana mnaoingia bandarini na kwenye mayadi mmesoma kuliko sisi, na Kiingereza mnakizungumza vizuri. Ninachotaka kuwaambia si cha kuzungumza. Ni cha kusikia, kelele zikiwa nyingi na mtu akiwa chini ya mzigo.

Mimi nilikuwa kuli. Siku hizi mna majina mazuri ya kazi hiyo, lakini sisi tulikuwa makuli na hatukuona haya. Tulishuka kwenye tumbo la meli, ambalo wazee waliliita ngama, tukapanga magunia kwenye wavu, tukatia kulabu, kreni ikainua. Juu, kwenye ukingo wa mlango wa ngama, alisimama mtoa ishara. Sisi tulio chini hatukumwona mwendesha kreni, na mwendesha kreni hakutuona sisi. Yule wa ukingoni ndiye aliyekuwa macho ya wote. Uhai wetu ulikuwa mkononi mwake, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Mtoa ishara wetu alikuwa Mzee Athmani, mtu wa Kuze. Alikuwa mfupi, mwembamba, na hakukubali kuivua kofia yake ya kushonwa kwa mkono hata kazini, kwa hiyo kofia ngumu aliivaa juu ya ile nyingine, ikamkalia juu juu kama sufuria iliyofunika chungu. Maafisa wa meli walimcheka siku ya kwanza tu. Siku ya pili walikuwa wakimtafuta kwa jina.

Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kuzurura. Alikuwa akiniona Makadara nimeegemea ukuta tangu asubuhi, na siku moja akaniuliza ule ukuta utaanguka nikiondoka? Kesho yake nilikuwa naye bandarini. Miezi ya kwanza alinifundisha zaidi kwenye mkahawa wa Makadara kuliko kazini. Tulikunywa chai pale alfajiri, mahamri na mbaazi, na kabla sijatia tonge kinywani alinitupia neno.

"Back," alisema.

"Mgongo," nilijibu, nikanyoosha mkono kwenye hamri.

"Na dereva wa lori akiambiwa back, atakupa mgongo?"

"Hapo ni arudi nyuma."

"Ehee. Na ukiambiwa gari liko back?"

"Liko nyuma."

"Basi neno moya, kazi tatu. Sasa kula."

Ndivyo alivyonilisha Kiingereza. Hakuwa mwalimu wa shule na hakupenda kanuni ndefu. Alichosisitiza ni hiki: "Usiliulize neno maana yake. Liulize limekuya kufanya kazi gani."

Alinionyesha jambo ambalo nilikuwa nikilisema kila siku bila kulijua. Neno la Kiswahili hutoka nyumbani limevaa. Ukisikia pima, wajua unaamrishwa. Ukisikia kipimo, hicho ni kitu. Ukisikia mpimaji, huyo ni mtu, na kimepimwa, hiyo kazi imekwisha. Ile silabi ya mbele au ya nyuma imekwambia yote kabla hujafikiri. Kiingereza nacho kina maneno mengi yanayotoka matupu, bila kanzu wala kofia. Hook ni ile kulabu, na hook ni tia kulabu. Oil ni mafuta, na oil ni paka mafuta. Light ni taa, ni washa, na ni nyepesi. Utayatambua kwa pale yalipokaa na majirani zake: likitanguliwa na the ni kitu, likitanguliwa na is huenda likawa sifa, likija mbele peke yake, tena kwa ukali, hiyo ni amri.

Rukia alipofika hapa alinikatiza. Akasema haya aliyasoma darasa la nne. Nikamwambia najua, mimi pia nilimwambia hivyo Mzee Athmani, na alinijibu kwamba darasani hakuna upepo.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kazi ilipo. Redio ikikwaruza, upepo ukivuma, winchi ikinguruma, vinavyopotea kwanza ni vile vineno vidogo. The huzama. Is huzama. Linalofika sikioni ni lile neno kubwa, peke yake, bila majirani zake. Na vile vineno vidogo ndivyo vilivyobeba habari ya kazi yake. Kwetu sisi kineno kidogo kimegandishwa kwenye neno lenyewe, huwezi kusikia moja bila jingine.

Mkitaka mfano wa kucheka, mnao wa Katana. Katana alikuwa mwenzetu, kijana wa Kigiriama aliyekaa Likoni, akivuka Feri kila alfajiri. Alikuwa na nguvu za watu wawili na moyo safi. Wiki yake ya kwanza afisa wa meli alimwona amesimama bure, akamnyooshea kidole: "You! Hold two!" Hold ni tumbo la meli, na meli ile ilikuwa na matumbo manne. Aliambiwa aende la pili. Lakini hold pia ni shika. Katana aliangalia huku na huku, akainua gunia moja bega la kulia, jingine bega la kushoto, akasimama. Alisimama mpaka jasho likamchuruzika puani. Afisa aliporudi akamkuta pale pale alishikwa na bumbuwazi, naye Katana akatuuliza kwa Kiswahili, "Si ameniambia nishike mbili? Nizitue lini?"

Tangu siku ile tulimwita Holituu. Mkewe pia humwita hivyo hadi leo.

Tulicheka sana, na Mzee Athmani alicheka zaidi yetu. Laiti neno lililofuata lingekuja kwa magunia tu.

Ilikuwa meli ya mchele, msimu wa mvua. Mnajua mvua ya Mombasa, haipigi hodi. Mchele haupatani na maji, kwa hiyo wingu likikaribia, kazi husimama, watu hutoka ngamani, na kifuniko hufungwa. Kifuniko chenyewe ni bapa la chuma refu kuliko nyumba, linatembea juu ya reli kwa mashine, na likishaanza kutembea halisimami pale unapotaka wewe. Baharia wa meli ndiye aliyekaa kwenye mtambo wa kifuniko. Alikuwa akimtazama Mzee Athmani, na Mzee Athmani alikuwa akisikiliza redio.

Manyunyu yalianza. Wenzangu walipanda ngazi, Katana mbele. Mimi nilibaki nyuma kufungua kulabu, maana ukiacha wavu umening'inia utagonga watu, kisha nami nikashika ngazi. Nilikuwa nimefika juu kabisa, mkono wa kushoto umeshika ukingo.

Upande wa pili wa meli, afisa alisema kwenye redio. Baadaye sote tulikubaliana alichosema: "Number two, clear." Kwa maana yake yeye, ilikuwa amri: nyinyi wa namba mbili, ondokeni. Alikuwa mtu wa mbali, naye Kiingereza alikuwa amejifunza baharini kama sisi, akalitaja tumbo kwanza na amri baadaye. Mzee Athmani alisikia habari: namba mbili pako wazi, hapana mtu. Clear imekuja nyuma ya kitu, kwa hiyo ni sifa, na is imezama upeponi kama inavyozama siku zote. Kanuni yake mwenyewe ndiyo iliyomwambia hivyo. Wakati huo huo Katana na wenzake walikuwa wanampita mbio wakikimbia mvua, akaona watu wanatoka. Akainua mkono kumpa baharia ishara ya kufunga.

Nilisikia chuma kinanguruma, nikavuta kichwa ndani. Mkono ulichelewa.

Sitawaeleza zaidi ya hapo. Katana ndiye aliyenibeba, na safari ile hakuuliza anitue lini.

Sasa nawaambia kitu ambacho watoto wa Kibokoni siwaambii. Vidole havikuniuma kama alivyoniuma Mzee Athmani. Hospitali alikuja kila siku, akakaa mlangoni, hakuingia. Nilipotoka nikasikia ameacha kazi. Hakufukuzwa. Maafisa walikwishasema hakuna wa kulaumiwa, redio ni redio. Ni yeye aliyekwenda kwake akafunga mlango. Mahali pake wakaweka mtu mwenye sauti kubwa na masikio madogo, naye Katana akanijia na hofu usoni.

"Swaleh, mwambie mzee arudi," akasema. "Huyu wa sasa hajui hata tuko wangapi chini. Lakini na wenzetu wengine wasema hawashuki tena chini ya Mzee Athmani."

Nilitaka arudi. Nilimtaka kwa usalama wetu, na zaidi nilimtaka kwa sababu nilimpenda. Sikuwa na baba, nilikuwa naye yeye. Nilimwona atazeeka ndani ya nyumba ile akijiita mtu aliyemkata mwanawe mkono, na hilo lilinitisha kuliko kurudi ngamani.

Nikaenda Kuze. Mkewe, Bi Zena, alinikaribisha, akaweka kahawa na kashata. Mzee alikuwa ameketi akiangalia ukuta. Nikatoa salamu, akaitikia bila kugeuka.

"Vyauma?" aliniuliza.

"Vilivyobaki haviumi. Vinavyoniuma ni vile vilivyokwenda."

Ni kweli tupu, mpaka leo huwashwa na kidole nisichokuwa nacho. Bi Zena alicheka, akajiziba mdomo kwa buibui. Mzee hakucheka.

"Nimekufundisha kanuni ya uongo," akasema.

"Si ya uongo, Mzee. Imemkuta afisa asiyeijua."

"Nami nikaiamini kuliko mato yangu. Ningelitazama ngazi, ningelikuona kitwa chako." Akaanza kulia. Nilikuwa sijamwona mtu mzima wa rika lake akilia, nami nikalia naye, kahawa ikapoa.

Tulipotulia nilimwambia lile nililokuwa nikiliwaza kitandani. "Mzee, neno lilikuja uchi, na sisi tukalikisia nguo. Kwa nini tusilivishe wenyewe?"

"Tulivishe vipi?"

"Kwa nguo zetu. Mtu akitakiwa atoke, tuseme klieni. Pakiwa wazi, tuseme pameklia."

Akalitia neno mdomoni polepole kama mtu anayeonja mchuzi. "Klieni." Akaonja la pili. "Pameklia." Akageuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Na alioko chini ajibu, nimeklia."

"Na asiyejibu hajaklia," nikasema.

"Basi na jikoni mwangu pameklia," akasema Bi Zena, "kwa maana nyote hamtaki kula." Hapo Mzee akacheka, kidogo tu, lakini alicheka.

Rukia aliniuliza swali zuri. Kwa nini tusiseme tu ondokeni, na pako wazi, kwa Kiswahili safi? Kwa sababu baharia wa kigeni naye ana sikio lake, na sikio lile lanasa klia. Akisikia klia anajua jambo ni hilo. Sisi tunasikia ile pame- ya mbele au ile -ni ya mwisho, tunajua ni lipi. Kila mmoja anapata fungu lake ndani ya neno moja. Siku za mbele tulivisha mengi: tumehuku, yaani tumetia kulabu; ilifti, iinue; ishaloliwa, imekwisha kushushwa. Mtu wa lugha angetukemea. Aje ngamani atukemee.

Nawaambia pia hili, nyinyi mnaosema kazi nyepesi. Yadi yenu huenda ikawakataza kuchanganya lugha kwenye redio. Sawa, tiini. Lakini msikubali neno tupu. Kiingereza pia chaweza kuvaa ukitaka: sema sentensi nzima, sema nani atoke, sema pako wazi kwa nani. Kisha mwambie aliyesema arudie, nawe mtazame mtu, usitazame redio. Rukia aliandika haya kwenye simu yake. Nikamwambia azime simu aniangalie mkono.

Mzee Athmani alirudi. Kurudi hakukuwa kugumu, kusimama tena pale ukingoni ndiko kulikokuwa kugumu. Asubuhi ile genge zima lilikuwa kwenye sitaha likiangalia viatu vyake. Meli ilikuwa ya sukari, na mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Likoni. Hakuna aliyesema neno baya, walimsalimia kwa heshima zote, lakini kila mmoja alikuwa amekwishapanga moyoni mwake kutoka wa kwanza. Mimi, bado nikijifunza kushika ngazi upya, nikasema kwa sauti kwamba leo nitakuwa wa mwisho. Katana alinitazama kama anayemwona mtu aliyerukwa na akili. Kisha akasema atakuwa wa kabla yangu.

Tulifanya kazi mpaka manyunyu yakaanza. Nikasikia redio juu ikikwaruza, na katikati ya mikwaruzo likatoka neno lile lile, peke yake, bila jirani: "Clear." Nilitazama juu nikaiona ile kofia juu ya kofia, na mkono wa Mzee haukuinuka.

"Klieni!" akaita ndani ya ngama, sauti ikatembea kwenye kuta za chuma. "Klieni nyote!"

Watu wakapanda, mmoja mmoja, kila anayetoka akimtajia nimeklia. Katana akataja lake. Nikabaki mimi, nikashika ngazi na vidole vyangu vitatu, nikapanda. Mvua ilikuwa inaongezeka, baharia anapiga kelele, afisa anauliza kwenye redio mnangoja nini. Karibu na juu nilisita. Nilikuwa naogopa kuugusa ule ukingo, na siwafichi.

Mzee Athmani alichutama. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya ukingo, vidole vyote vitano, pale pale ulipokuwa wangu, kwenye njia ya kile chuma. Mkono wa kulia akaninyooshea.

"Ndoo huku, baba," akasema. "Kikija kuvila, kitaanza na vyangu."

Nikapanda, nikavuka, nikasimama kwenye sitaha na mvua ikinipiga usoni. Yeye bado alikuwa amechutama, mkono bado uko pale, akinitazama.

"Nimeklia, Mzee," nikamwambia.

Hapo ndipo alipouondoa mkono, akasimama, akamgeukia baharia.

"Sasa pameklia."